Binti Yako Anapofanya Kazi Kwenye Dawa za Mionzi

 

Leo tunaongea juu ya jambo ambalo si la kila boma, lakini likifika bomani huja na hofu kubwa. Akina mama huniuliza kliniki: "Sista, binti yangu amepata kazi hospitali kubwa Nairobi, idara ya mionzi. Watu wanasema hatazaa. Nimwambie aache?" Mwingine analea mjukuu wa miaka miwili, na mama ya mtoto huja nyumbani kila mwisho wa mwezi akitoka kazi hiyo hiyo. Susu anaogopa: akimbeba mtoto, si atampaka mionzi?

Nikujibu mapema ili utulie. Mionzi si ugonjwa wa kuambukizana kama kifua kikuu. Binti yako akifuata kanuni za kazi yake, anaweza kuzaa, na anaweza kukumbatia mtoto wake akifika nyumbani. Lakini kuna jambo moja ambalo likifichwa linaleta madhara ya kweli, nalo ni mimba, pamoja na kunyonyesha. Hapo ndipo nataka tukae zaidi leo.

Kwetu Kitui na Makueni tuna mashine za eksirei, lakini tiba ya nyuklia hatuna. Iko Nairobi: Hospitali Kuu ya Kenyatta, Aga Khan, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta upande wa Kahawa. Ndiko wagonjwa wetu wa goita iliyozidi nguvu na wa saratani ya tezi ya shingo hutumwa, na ndiko vijana wetu waliosomea kazi hiyo hufanya kazi.

Eksirei na tiba ya nyuklia si kitu kimoja. Eksirei ni kama tochi. Ukibonyeza inawaka, ukizima hakuna mwanga uliobaki chumbani, wala kwenye mwili wa mgonjwa. Tiba ya nyuklia ni kama jiko la makaa. Dawa yenyewe ndiyo inayotoa mionzi. Mgonjwa hudungwa sindano au hupewa kidonge ameze, kisha dawa inaenda mpaka kwenye mfupa, moyo, figo au tezi inayotafutwa. Hakuna swichi ya kuzima. Inapoa yenyewe, kama makaa yanavyopoa.

Mfano huu wa jiko utatusaidia mpaka mwisho. Ukikaa karibu na jiko unapata joto. Ukiondoka ukaingia nyumba nyingine, hubebi joto hilo ukamchome nalo mtoto. Vivyo hivyo mfanyakazi aliyesimama karibu na dawa ya mionzi hageuki kuwa mionzi. Lakini kaa likidondoka kwenye leso yako ukaingia nalo nyumbani, hapo umebeba moto. Kwa hiyo mfanyakazi ana hatari mbili: kupigwa na mionzi kutoka kwa dawa iliyo karibu naye, na kupakwa dawa yenyewe mikononi, kwenye nguo, kwenye viatu, au kuimeza. Ya kwanza haiji nyumbani. Ya pili inaweza kuja, na ndiyo maana hawa watu wana masharti mengi ya kunawa na kuvua.

Kila dawa ina muda wake wa kupoa. Ile inayotumika sana kwa vipimo huitwa tekinetiamu. Kila baada ya saa 6 nguvu yake inabaki nusu. Iliyotengenezwa asubuhi, kesho asubuhi imebaki sehemu moja katika 16. Ile ya mashine ya PET hupungua nusu kwa dakika 110. Iodini 131, dawa ya tezi ya shingo, ni ya polepole: nusu kila siku 8. Baada ya nusu kumi, dawa yoyote inabaki karibu sehemu moja katika elfu. Kwa iodini hiyo ni siku 80. Ndiyo sababu taka za idara hii hazitupwi siku hiyo hiyo. Hufungiwa stoo, zikaandikwa tarehe, zikangojewa zipoe.

(Tekinetiamu hukamuliwa kutoka kwa chombo chenye dawa mama ndani yake. Katika nchi nyingi wafanyakazi wamekipa chombo hicho jina la ng'ombe, na kazi yenyewe huiita kukamua. Nadhani wafugaji wa Kibwezi wangeipenda hiyo.)

Sasa, mfanyakazi anajikinga vipi? Kuna njia tatu, na hata wewe jikoni unazitumia bila kuzitaja. Moja ni muda: usikae karibu na moto kuliko kazi inavyotaka. Mfanyakazi mzuri hueleza mgonjwa mambo yote kabla ya kumdunga, kwa sababu baada ya sindano mgonjwa mwenyewe ndiye jiko. Kama kuna kazi mpya, huifanyia mazoezi kwanza kwa maji matupu mpaka mikono izoee.

Pili ni umbali, na hapa kuna hesabu inayoshangaza watu. Ukiwa mita moja kutoka kwa dawa, kisha ukarudi nyuma ukawa mita mbili, mionzi haipungui nusu. Inabaki robo. Ukiwa mita tatu inabaki sehemu moja ya tisa. Hatua moja tu nyuma ni kinga kubwa, tena haina gharama. Kwa hiyo chupa ya dawa hushikwa kwa koleo, si kwa vidole.

Tatu ni ukuta. Dawa hukaa ndani ya kopo zito la madini ya risasi, bomba la sindano huvalishwa gamba zito, na mtayarishaji hufanya kazi nyuma ya kioo chenye risasi ndani yake. Hapa mwambie binti yako jambo moja. Aproni ya eksirei, ile nzito inayoning'inizwa ukutani, haitoshi kwa kila dawa. Mionzi ya tekinetiamu huipunguza kiasi. Ile ya iodini 131 na ya PET ina nguvu zaidi na hupita kwa urahisi. Mtu aliyevaa aproni akajiona salama, akakaa muda mrefu karibu na mgonjwa, amejidanganya. Kwa dawa hizo kinga kubwa ni muda na umbali.

Na kumeza? Miaka ya 1920, huko New Jersey, Marekani, wasichana waliajiriwa kupaka saa rangi yenye radiamu ili ing'ae gizani. Ili ncha ya brashi iwe nyembamba, walifundishwa kuilamba kwa midomo. Kila mlambo walimeza kidogo. Miaka michache baadaye meno yaling'oka, mifupa ya taya ikaoza, na wengi wao walikufa. Ndiyo maana leo chumba cha dawa za mionzi hakuliwi chakula, hakunywewi chai, hakupakwi mafuta ya midomo wala kushikwa simu. Glavu hubadilishwa mara kwa mara. Kabla ya kutoka, mfanyakazi huweka mikono na viatu mbele ya mashine ya kupima mionzi. Ikilia zaidi ya kawaida, hunawa kwa sabuni na maji bila kujisugua mpaka ngozi ichubuke, kisha hupimwa tena. Nguo za kazi hubaki kazini. Mama akifanya hivyo, mtoto anayemkimbilia njiani hana la kuogopa.

Binti yako pia ana beji ndogo kifuani, na anayeshika dawa kila siku huvaa na pete ya kupimia kidoleni. Beji haizuii mionzi. Kazi yake ni kuhesabu, kama daftari la duka. Baada ya muda hupelekwa kusomwa, na matokeo ni haki ya mwenye beji kuyajua. Ukimwona ameisahau ndani ya mkoba akaja nayo mpaka Mutomo, mkumbushe mahali pake ni kazini.

Kipimo chenyewe huitwa milisiverti. Sisi sote hupata mionzi kutoka kwa udongo, mawe, anga na chakula, wastani wa dunia ukiwa kama milisiverti 2.4 kwa mwaka. Kuna mahali mawe yenyewe yana mionzi zaidi, kama Kilima cha Mrima huko Kwale. Mfanyakazi haruhusiwi kupita wastani wa 20 kwa mwaka, ukihesabiwa kwa miaka mitano mfululizo, na mwaka wowote mmoja asipite 50. Wengi hupata chini sana ya hapo, aghalabu chache tu. Mtu wa kawaida asiye mfanyakazi amewekewa 1, juu ya ile ya asili. Kenya ina sheria ya mionzi tangu miaka ya 1980, na tangu Sheria ya mwaka wa 2019 msimamizi ni Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, ambayo wengi huiita KNRA.

Je, uzazi? Ili mwanamke akose uzazi kabisa kwa ajili ya mionzi, ovari zinahitaji kupigwa na maelfu ya milisiverti. Kwa mwanamume, mbegu zinaweza kupungua kwa muda akipigwa sehemu hiyo na 100 hadi 150 kwa wakati mmoja. Linganisha na zile chache za mwaka mzima. Kwa hiyo wanaosema msichana wa kazi hiyo hafai kuolewa wanamwonea bure.

Nimesikia pia kwamba wafanyakazi wanywe maziwa ili mionzi itoke. Maziwa ni chakula kizuri, mpe. Lakini hayaoshi mionzi, na mtu asiache glavu kwa sababu amekunywa paketi mbili.

Sasa mimba. Mtoto aliye tumboni anakua haraka, na chembe zake zinazogawanyika ni nyepesi kuumia. Kuanzia wiki ya 10 hadi ya 12 hivi, tezi yake ya shingo huanza kuvuta iodini. Mama akiwa amemeza iodini ya mionzi wakati huo, inamfikia mtoto na inaweza kuiua tezi hiyo kabla hajazaliwa. Kwa hiyo mfanyakazi akijua ana mimba, au akishuku tu, amwambie afisa wa usalama wa mionzi wa hospitali yake mara moja. Akishasema, kazi hupangwa ili mtoto asipate zaidi ya milisiverti 1 mpaka azaliwe. Haina maana kwamba lazima aache kazi. Anaweza kuendelea na kazi nyingine ndani ya idara. Kinachoondolewa ni zile kazi za iodini ya matibabu, na za kusafisha dawa iliyomwagika. Anayenyonyesha naye asiwekwe mahali anapoweza kumeza au kuvuta dawa kwa pumzi, kwa sababu inaweza kupita kwenye maziwa.

Tatizo ni kwamba wasichana wetu huficha. Yuko kwa mkataba wa miezi sita, anatuma pesa za karo nyumbani, anaogopa akisema ataondolewa. Anakaza mkanda mpaka mwezi wa nne. Mama, hapo ndipo wewe una kazi. Wewe mara nyingi ndiye wa kwanza kuambiwa, hata kabla ya mume. Usimwambie "nyamaza kwanza". Mwambie aseme wiki hiyo hiyo, kwa maandishi, abaki na nakala. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inakataza mwajiri kumbagua mwanamke kwa sababu ya mimba, na inampa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo. Wiki anazoficha ndizo mtoto anazoumbika viungo. Zikipita hazirudi.

Nisiwasahau wale ambao hakuna anayewaita wafanyakazi wa mionzi: mama anayepiga deki, anayefua mashuka, anayebeba taka. Wengi wa kutoka kwetu hufanya kazi hizo. Nao wanapaswa kufundishwa, na wana haki ya kuuliza chumba hiki kina nini kabla ya kuingia na ndoo. Mkojo wa mgonjwa ukimwagika, au akitapika, asikimbilie kupiga deki. Anaweka karatasi za kunyonya juu yake, anazuia watu wasikanyage, anaita wenye idara. Usafi huanzia pembeni kuja katikati ili uchafu usienezwe. Mjamzito hafanyi kazi hiyo.

Sasa tugeukie mgonjwa anayerudi nyumbani, kwa sababu hapo wewe mlezi ndiwe unakuwa mfanyakazi. Goita na saratani ya tezi huwapata wanawake zaidi ya wanaume, kwa hiyo mara nyingi anayerudi na iodini mwilini ni mama mwenye watoto. Kwa vipimo vingi vya kawaida, dawa huisha haraka na daktari atakuambia kama kuna saa chache za kukaa mbali na mtoto. Iodini 131 ya matibabu ndiyo ya kuchunga.

Kabla ya dawa: asiwe na mimba, na apimwe kuhakikisha. Kama ananyonyesha, mtoto huyo aachishwe kabisa, na aachishwe mapema, kama wiki sita kabla, kwa sababu titi lenye maziwa huvuta iodini. Hii ndiyo sehemu ngumu, najua. Mtoto wa miezi mitano kuachishwa titi si jambo la kuamua kwenye foleni ya Nairobi. Njoo kliniki tupange atakula na kunywa nini kabla siku haijafika. Mtoto atakayezaliwa baadaye atanyonya kama kawaida. Mimba mpya ingoje angalau miezi sita. Anaweza pia kuambiwa aache chumvi yenye iodini kwa wiki moja au mbili, na chumvi ya paketi za madukani huwa nayo. Basi mpikie yeye sufuria yake. Usiwanyime watoto chumvi hiyo, wao wanaihitaji.

Akitoka hospitali atapewa karatasi inayosema siku ngapi alale peke yake na siku ngapi asibebe watoto. Siku hutofautiana kulingana na kiasi cha dawa, kwa hiyo usikopi karatasi ya jirani. Kwa watoto na wajawazito huwa ni nyingi zaidi, wakati mwingine wiki mbili au tatu. Aulize pia juu ya safari. Kukaa saa tatu kwenye matatu ya Kitui, bega kwa bega na mjamzito, si sawa. Kama hana gari la nyumbani, aulize kama angoje siku chache au akae wapi.

Nyumbani, iodini hutoka kwa mkojo zaidi, na pia kwa mate na jasho. Choo cha shimo kirefu chenye mfuniko kinafaa, maana udongo ni ukuta mzuri na dawa inapoa humo chini. Amwagie maji kidogo, asichuruzishe ukingoni, na anawe kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi. Watoto wasitumie sufuria yake ya usiku. Kikombe, kijiko na taulo viwe vyake. Nguo na mashuka yake zifuliwe kando, ndani ya karai, wala si kule mtoni kwenye kisima cha mchanga ambako kijiji kizima huchota. Najua maji yenyewe ni ya kununua kwa mtungi. Wekeni akiba ya mitungi michache kabla hajafika. Asimtafunie mtoto chakula wala kumwonjea uji kwa kijiko kimoja. Na anywe maji mengi.

Mtoto atalia akimtaka. Usimfiche mama kama aliyelaaniwa. Akae kwenye kiti chini ya mwembe, wewe na mtoto mkeka wenu uwe mita mbili tatu kutoka hapo, aongee naye, amwimbie. Kumbukeni ile hesabu ya robo na sehemu moja ya tisa. Mwambie mtoto ni siku ngapi zimebaki, mkazihesabu kwa mawe kama mnavyohesabu siku za shule kufungwa. Siku zikiisha ambebe.

La mwisho ni makopo na vyuma. Mfanyakazi asilete nyumbani kopo la risasi kutoka idarani, hata likiwa tupu na zuri kiasi gani. Mwaka wa 1987, huko Goiânia nchini Brazili, watu wawili wa vyuma chakavu walitoa chombo kwenye kliniki iliyoachwa ya kuchomea saratani. Haikuwa dawa ya sindano kama hizi zetu. Ilikuwa sesiamu, yenye nguvu nyingi na isiyopoa haraka. Ndani kulikuwa na unga unaong'aa rangi ya samawati, na watu waligawiana kama pambo. Msichana wa miaka sita alicheza nao, kisha akala kwa mikono hiyo. Watu wanne walikufa, yeye akiwa mmoja wao.

Vijana wetu nao huokota na kuuza vyuma, kuanzia Mwingi mpaka Makindu. Wafundishe alama hii: duara dogo katikati, na mapanga matatu kama ya feni kulizunguka, mara nyingi jeusi juu ya manjano. Mtoto akija na chuma kizito chenye alama hiyo, kiachwe pale pale kilipo, watu wasogee mbali, aliyekishika anawe mikono kabla ya kula chochote, na chifu au polisi aambiwe siku hiyo ili apigie KNRA.